Masaa Matatu ya Kuseti, Dakika 12 za Kukata

Mwaka jana nilifanya mafunzo kwa vitendo, yaani PT, kwenye karakana moja ya kuchonga vyuma hapa Dar es Salaam. Wiki ya pili alikuja mzee mmoja kutoka Mkuranga, amebeba kapilingi ya pampu ya maji ndani ya mfuko wa rambo. Kapilingi ni kile kiungo kinachounganisha mota na pampu, na ya kwake ilikuwa imepasuka vipande viwili. Alitaka achongewe nne: mbili afunge, mbili aweke akiba. Pampu ile ndiyo iliyokuwa ikimwagilia bustani yake ya mboga, na jua la Januari halikuwa na huruma.

Msimamizi wetu aliigeuza ile kapilingi mkononi, akapiga hesabu, akataja bei. Mzee akacheka kidogo, akidhani anataniwa. Alipoona hakuna anayecheka naye, akasema, "Mwanangu, kwa bei hiyo si bora ninunue pampu nyingine?" Akarudisha vipande vyake kwenye rambo, akaaga, akaondoka.

Mimi nilibaki nashangaa. Mashine ya CNC ilikuwa pale pale, chuma kilikuwepo, na kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nikamuuliza msimamizi bei ile kubwa imetoka wapi. Akanijibu, "Kukata ni dakika 12 tu kila moja. Shida siyo kukata, dogo. Shida ni kuseti."

Makala hii inahusu hilo neno moja, kuseti. Nimeona niliandike hapa kwa sababu darasani tulilipita haraka sana, na kwa sababu wengi wetu tukisikia "otomatiki" tunawaza roboti mara moja. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Kuseti ni nini hasa

Kwa wenzangu wa sheria, ualimu na biashara, nianze mwanzo. Mashine ya CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Badala ya fundi kuzungusha gurudumu kwa mkono, programu ya herufi na namba inaiambia mashine ipeleke kikatio wapi, kwa mwendo gani, na kwa kina gani. Ikishaanza inakata kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita, na haichoki.

Lakini mashine ile haina macho. Haijui chuma ulichokiweka mezani kimekaa wapi. Haijui kikatio ulichofunga kina urefu gani. Kila unapobadili kazi, lazima mtu aiambie upya. Kwanza unasafisha meza, unafunga jiliwa, unalinyoosha kwa saa ya mshale mpaka liwe sambamba na mhimili wa mashine. Unabana chuma. Unatafuta kona yake na kuiambia mashine, "hapa ndipo sifuri." Namba hizo zinaingia kwenye kumbukumbu inayoitwa G54, au mojawapo ya zinazofuata hadi G59. Kisha unafunga vikatio kimoja kimoja, unapima urefu wa kila kimoja, unaandika. Unaingiza programu. Unaiendesha polepole kwanza, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Unakata kipande cha kwanza, unakipima, unarekebisha, unakipima tena. Hapo ndipo kazi inaanza.

Muda wote huo mashine imesimama. Mashine iliyosimama haiingizi hata senti, ila mkopo wake, kodi ya jengo na mshahara wa fundi vinaendelea kutembea.

Hesabu iliyomfukuza mzee

Msimamizi alinipa kazi: nichukue saa na daftari, nipime kuseti kwa kazi moja kuanzia kipande cha mwisho cha kazi iliyopita hadi kipande cha kwanza kizuri cha kazi mpya. Nikapata dakika 187, yaani masaa matatu na ushee.

Sasa tuhesabu pamoja. Kwa vipande vinne vya yule mzee, dakika 187 zinagawanywa kwa nne, kama 47 kwa kila kipande. Ongeza 12 za kukata: dakika 59. Mteja anayetaka vipande 100 anabeba dakika 2 tu za kuseti kwa kila kipande, jumla kama 14. Kazi ni ile ile, mashine ni ile ile, lakini kipande cha mzee kinakula muda wa mashine mara nne zaidi.

Na sasa angalia kinachotokea ukipunguza kuseti hadi dakika 44. Mwenye vipande 100 anatoka dakika 14 hadi 12 na nusu. Hata haoni tofauti kubwa. Mwenye vipande vinne anatoka 59 hadi 23. Kwa hiyo anayefaidika zaidi muda wa kuseti ukipungua ni mteja mdogo. Na karakana zetu wateja wake ni akina nani? Ni mwenye mashine ya kusaga anayetaka shafti moja, mwenye boti anayetaka bushi mbili, mwenye pampu anayetaka kapilingi nne. Sisi ni nchi ya vipuri vichache vichache.

Wanaosoma uendeshaji wa viwanda wanaijua fomula ya Mmarekani Ford Whitman Harris ya mwaka 1913, inayotafuta ukubwa wa fungu lenye gharama nafuu. Ndani yake gharama ya kuseti imekaa chini ya kipeuo cha pili. Maana yake, ukipunguza gharama ya kuseti hadi robo, fungu linalofaa linapungua hadi nusu. Wengi tunaikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi niliielewa siku ile mzee alipofunga rambo lake.

Bolti iliyopotea Hiroshima

Tatizo hili si geni. Mwaka 1950 mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo, aliitwa Hiroshima kwenye kiwanda cha Toyo Kogyo, waliokuwa wakitengeneza magari ya Mazda. Kulikuwa na presi kubwa za kugandamiza bati, na wenyewe walitaka kuongeza mashine. Shingo akaomba aangalie kwanza. Siku ya tatu dai, yaani lile umbo la chuma linalolipa bati sura, likawa linabadilishwa. Mfanyakazi akaanza kukimbia huku na huku. Bolti moja ya kufungia dai jipya haikuonekana. Alitafuta zaidi ya saa nzima, mwishowe akachukua bolti ndefu kwenye mashine nyingine, akaikata, akaitengeneza upya ifae. Presi ya tani 800 ilikuwa imesimama ikisubiri bolti.

Hapo Shingo akagawa kuseti sehemu mbili. Kuna maandalizi ya ndani, ambayo lazima mashine isimame, kama kutoa dai na kuweka jingine. Na kuna maandalizi ya nje, ambayo yanaweza kufanyika mashine ikiendelea kufanya kazi, kama kutafuta bolti. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wakifanya ya nje wakati wa ya ndani.

Mwaka 1969 aliletewa tatizo la Toyota. Presi ya tani 1,000 ilikuwa ikichukua masaa manne kubadilishwa dai, wakati Volkswagen kule Ujerumani walikuwa wakitumia masaa mawili. Wakafanya kazi wakafika dakika 90. Uongozi ukarudi ukasema sasa tunataka dakika tatu. Shingo akaona kwamba haitoshi kutenganisha. Lazima yale ya ndani yenyewe yageuzwe kuwa ya nje. Ndani ya miezi mitatu wakafika dakika tatu. Mbinu hiyo inajulikana duniani kwa jina la SMED, na lengo lake ni kubadili kazi kwa dakika zenye tarakimu moja, yaani chini ya 10.

Kama bado haijakaa sawa, mwangalie muuza chipsi wa getini kwetu. Saa kumi na moja jioni, kabla foleni haijaanza, viazi vimeshamenywa na kukatwa, vingine vimeshakaangwa nusu. Kachumbari iko kwenye bakuli, mayai yako karibu na mkono. Ukisema "chipsi mayai," anachofanya jiko likisubiri ni kuvunja yai tu. Angeanza kumenya viazi baada ya wewe kuagiza, ungekula saa nne usiku na yeye angefunga biashara. Ameyatoa nje maandalizi yake bila kumsoma Shingo.

Dakika 187 zilienda wapi

Nirudi kwenye daftari langu. Dakika 64 zilikuwa za kutembea na kutafuta: spana, holda, jiliwa lililoazimwa mashine ya pili, mchoro uliobaki ofisini. Dakika 41 za kufunga na kupima vikatio. Dakika 38 za kunyoosha jiliwa na kutafuta sifuri. Dakika 29 za kipande cha kwanza na marekebisho yake. Dakika 15 za kuingiza na kukagua programu.

Mimi nilikuwa nimeshaandika mapendekezo, ukurasa mzima, wanunue roboti ya kupakia vyuma. Nikampelekea fundi mkuu kwa unyenyekevu wote. "Shikamoo fundi, naomba uniangalizie hii." Akasoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Marahaba. Sasa injinia, hiyo roboti yako ndiyo itakayonitafutia spana namba 19?"

Nilinyamaza. Fungu kubwa kuliko yote kwenye daftari langu mwenyewe lilikuwa la kutafuta vitu, na roboti haitafuti vitu. Roboti inachukua kitu mahali inapojua kipo. Ukiiweka kwenye fujo, itasubiri kama tunavyosubiri sisi, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Tukaanza na toroli. Kazi ya kwanza ikiwa bado inakatwa, msaidizi anaandaa toroli la kazi inayofuata: mchoro, chuma, vikatio vilivyokwisha kufungwa kwenye holda, spana zake, mikromita. Mezani kwa mashine tukaweka pini mbili, ili jiliwa likishushwa likae pale pale kila mara, lihakikiwe tu badala ya kunyooshwa upya. Vikatio vitano vinavyotumika karibu kila kazi tukavipa namba za kudumu kwenye mashine, havitolewi. Wiki tatu baadaye nikapima kazi inayofanana na ile: dakika 96. Gharama ilikuwa toroli, pini na rangi ya kuandikia namba.

Probu iliyolala kabatini

Hapo ndipo otomatiki ilipoingia, na ilitokea mahali ambapo sikutegemea. Kwenye kabati kulikuwa na boksi limefungwa nailoni. Ndani yake probu ya kugusa, pamoja na kidude cha pili cha kupimia urefu wa vikatio. Vilikuja na mashine. Betri zilikwisha, aliyefundishwa kuvitumia alihama kazi, basi vikalala.

Probu ya kugusa ilibuniwa mapema miaka ya 1970 Uingereza na David McMurtry, akiwa mhandisi wa Rolls-Royce. Walihitaji kupima mabomba membamba ya injini ya Olympus, ile ya ndege ya Concorde, bila kuyasukuma. Mwaka 1973 ikaanzishwa kampuni ya Renishaw kwa ajili ya kuitengeneza. Kinachofanyika ndani yake ni rahisi kueleza. Kuna fimbo nyembamba yenye kigololi cha rubi mwishoni. Kwa juu fimbo hiyo imeegemea sehemu tatu, zinazopitisha umeme. Kigololi kikigusa chuma, fimbo inainuka kidogo sana, mkondo wa umeme unabadilika, na papo hapo mashine inanakili mahali ilipo. Kisha springi inairudisha fimbo pale pale ilipokuwa.

Kwa hiyo ile mashine isiyo na macho inapata kidole. Inagusa upande mmoja wa chuma, inagusa wa pili, inagusa juu, inapiga hesabu na kujaza G54 yenyewe. Hata chuma kikiwa kimekaa upande kidogo, inaweza kupima pembe na kuizungusha programu ifuate. Kile kidude cha pili nacho kinafungwa mezani: kila kikatio kinashuka, kinakigusa, na urefu wake unaandikwa bila mtu kubonyeza namba. Hilo la kubonyeza si dogo. Ukikosea tarakimu moja ya urefu, kikatio kinazama kwenye jiliwa. Karibu kila fundi niliyezungumza naye ana stori ya siku hiyo.

Yangu pia ipo. Siku ya tatu ya kutumia probu niliisogeza kwa mwendo wa haraka bila kutumia programu yake ya kujilinda, ile inayosimamisha mashine probu ikigusa kitu njiani. Ikagonga jiliwa. Fimbo ikakatika, kigololi kikaruka hata hatukukiona. Fundi akaniambia fimbo ile imetengenezwa iwe ya kwanza kuvunjika ili probu yenyewe ipone, lakini nadhani alisema hivyo kunifariji tu. Tulisubiri fimbo mpya kwa wiki tatu, na wiki tatu hizo karakana ikarudi kupima kwa mkono kwa sababu yangu. Nilijifunza kwamba otomatiki inaharakisha kila kitu, na makosa yamo. Probu lazima isawazishwe kila fimbo inapobadilishwa. Chuma lazima kifutwe, maana chenga moja ikiwa imekaa kwenye ukingo, probu itapima chenga kwa uaminifu kabisa na sifuri yako itakuwa ya uongo.

Fimbo ilipofika na mimi nimetulia, tukapima tena. Kutafuta vitu, dakika 8. Jiliwa na sifuri, 6. Vikatio, 10. Kipande cha kwanza, 15. Programu, 5. Jumla 44.

Ngazi zinazofuata

Viwanda vikubwa vinapanda zaidi ya hapo. Kuna mifumo ya kubana ambayo meza ina matundu maalumu: paleti yenye chuma inashushwa, inajifunga kwa sekunde, na inarudi mahali pale pale ndani ya mikroni chache. Chuma kinafungwa kwenye paleti nje ya mashine, wakati paleti nyingine iko ndani inakatwa. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Miaka ya 1960 kampuni ya Molins ya London, chini ya mhandisi Theo Williamson, ilibuni System 24: wafanyakazi wafunge kazi kwenye paleti mchana, mashine zikate usiku kucha zenyewe. Kuna pia mashine za pembeni za kupimia vikatio zinazotuma namba kwa mtandao, na programu za kompyuta zinazoonyesha ukataji mzima kwenye skrini kabla chuma hakijaguswa. Roboti ya kupakia inakuja baada ya hayo yote, kwa sababu inahitaji kila kitu kiwe kimekaa mahali pake.

Ukiangalia vizuri, kila ngazi ni wazo la Shingo likirudiwa. Ya ndani yatoke nje, na yale yasiyoweza kutoka yafanywe na mashine yenyewe kwa haraka.

Na fundi je?

Siku moja tukiwa tunakunywa chai fundi mkuu aliniuliza, "Ukimaliza hayo mahesabu yako ya saa, mimi wataniweka wapi?" Hakuwa anatania. Sikuwa na jibu zuri, na sitaki kujifanya ninalo sasa. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Dakika zilizopotea hazikuwa zile za ufundi wake. Probu haikujua chuma kile chembamba kibanwe wapi kisipinde, wala upande gani uanze kukatwa. Hilo lilibaki kwake, na sasa alilifanya mara tatu au nne kwa siku badala ya mara moja au mbili. Msaidizi aliyekuwa akitumwa spana ndiye aliyekuwa akiandaa toroli na kusoma michoro. Karakana ikaanza kupokea kazi za vipande vitano, sita. Kama mwenye karakana angeamua kutumia nafasi ile kupunguza watu badala ya kupokea kazi, angeweza. Huo ni uamuzi wa mtu, mashine haiuamui.

Wiki ya mwisho ya PT nilimwomba msimamizi tumpigie yule mzee wa Mkuranga tumpe bei mpya. Tulipiga mara tatu, namba haikupatikana. Sijui kama alinunua pampu nyingine au bustani ilikauka.

Kwa hiyo mwenzangu unayekwenda PT mwaka huu, kabla hujaandika pendekezo la roboti kama mimi, chukua daftari na saa, simama pembeni ya mashine siku moja nzima. Andika imekata dakika ngapi, na imesimama dakika ngapi ikisubiri nini. Halafu uliza kama kuna boksi kabatini.